Nukta Nyekundu kwenye Cheni

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, mshona viti vya magari, mtu asiyejua kudanganya hata kidogo.

Mkewe alipofariki, aliamua kulifufua gari la marehemu. Injini yote aliifungua na kuifunga mwenyewe, kwenye gereji ya nyumbani. Zamani kazi hiyo waliifanya wawili: yeye anashika spana, mkewe anatia nukta za rangi nyekundu ya kucha kwenye cheni ya injini na kwenye jino la gia, ili wakifunga zikutane. Safari hii hapakuwa na wa kutia alama. Akakadiria kwa macho.

Alipowasha, injini ikatetemeka na cheni ikagonga: kwa-kwa-kwa. Akafungua, akakaza, akafunga. Kelele ni ileile. Mara ya tatu alipofungua alikaa chini, akalia kama mtoto.

"Mama watoto," akasema, "nimekosea wapi?"

Ilikuwa mchana, lakini gereji haina dirisha, na papo hapo umeme ukakatika. Gizani akasikia cheni ikisogea taratibu. Tik. Kisha kimya.

"Nani?"

Akapapasa ukuta hadi mlangoni, akaufungua, jua likaingia. Gia ilikuwa imesogea jino moja. Juu ya jino palikuwa na nukta nyekundu, na nyingine kwenye cheni, zimekutana sawasawa.

Kichupa cha rangi ya kucha kilikuwa kimekauka tangu mwaka jana, aliniapia. Lakini alipoigusa ile nukta, ilimchafua kidole. Ilikuwa bado mbichi.