Hainuki Mtu Mezani

Kinasabongo kilielea bwaloni, juu ya sufuria la maharage, kikakohoa kama mhubiri aliyeshiba, kikatangaza kuwa kimekuja kuwachukua wateule.

Kilikuwa tufe la chuma, kubwa kama boga, lisilo na bawa wala kamba. Kila mwaka Chuo cha Sayari kilikituma kwenye shule za bweni kutafuta wahandisi wa anga. Hakikujali mitihani. Kiliuliza swali moja, kikapima muda ambao mwanafunzi anautumia kujibu. Anayekawia huwashiwa taa nyekundu, na ndoto zake huishia hapo.

"Kinapima kasi ya wazo," alieleza Mwalimu Mbilinyi, kwa unyenyekevu ambao Kidato cha Sita hakikuwahi kuuona kwake.

Sekela hakujihofia. Mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko akili, na shule nzima ilikuwa shahidi. Alihofia kwa ajili ya Tumpe, jirani yake wa kitanda. Tumpe aliwahi kurusha roketi ya kopo la maziwa ikatua juu ya paa la mkuu wa shule, pale pale alipokusudia. Ila alikuwa na kigugumizi.

"Tumpe Mwakalobo!" Kinasabongo kiliita. "Roketi inapaaje?"

"I-i-i..."

Taa nyekundu. "Hafai. Anayefuata!"

"Hajamaliza!" Sekela alifoka.

"Muda umekwisha."

"Acha, we Sekela," Tumpe alinong'ona. "Ni-nimezoea."

"Mimi sijazoea."

"Sekela Mwasomola! Roketi inapaaje?"

Sekela alikitamani chuo kile tangu darasa la tatu, na jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akachota maharage kijiko kizima, akayatafuna punje moja moja, kwa heshima zote. Taa nyekundu. Ndipo akameza.

"Shuleni kwetu hainuki mtu mezani kabla wa mwisho hajamaliza. Tumpe hajamaliza."

Aliyefuata akachota maharage. Na wa baada yake. Bwalo lote likatafuna kama ng'ombe waliotafakari sana. Mwalimu Mbilinyi alishika kichwa.

Ghafla Kinasabongo kikatoa sauti ya mwanamke, mtu kabisa. "Halo? Huku chuoni naona wote hamfai. Kimeharibika?"

"Shikamoo, mama," Sekela alisema. "Hakijaharibika. Tunamsubiri mwenzetu. Endelea, Tumpe."

Tumpe alisimama. Lilikuwa jibu refu, lenye mabonde, na hakuna aliyemsaidia neno hata moja. "I-inasukuma moshi chini, na mo-moshi unaisukuma juu. La-lakini mkiendelea kuchuja hivi, mtapaa na wenye ha-haraka tu. Cho-chombo kikiharibika huko juu, nani atakaa chini afikiri?"



"Mimi siwezi kufuta taa," mwanamke alisema. "Mashine ndiyo inaamua."

"Basi njoo mwenyewe, mama. Maharage yapo. Ila ukija utakaa mpaka wa mwisho amalize," Sekela alisema.

Taa zilibaki nyekundu, zote. Sekela akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.