Mmea wa Nyuma ya Zizi

Jua lilikuwa linazama kule Kapseret wakati Musimbi alipogundua kwamba ndama mmoja hayupo. Ilikuwa wiki yake ya tatu kwa Maurice, akimkamulia ng'ombe na kumlelea mtoto, Tyson, wa miaka miwili. Wanja, mama ya mtoto, alisemekana kutoroka wakati Tyson akiwa bado ananyonya.

Musimbi akachukua panga, akazunguka nyuma ya zizi.

Huko mmea wa kutambaa ulikuwa umefunika choo cha zamani, kuta hadi paa. Maua yake ya zambarau hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya saa sita. Jioni hiyo yalikuwa wazi. Yote... yamemwelekea yeye.

Ndama alisimama katikati akitetemeka, shina limemzunguka mguu mara tatu.

Musimbi akalikata.

Utomvu mweupe ukamrukia mkononi. Ulikuwa na joto. Ulinuka maziwa, lakini si ya ng'ombe. Ilikuwa harufu ya mama anayenyonyesha.

Kisha, chini ya majani, mnong'ono...

"Mtoto amenyonya?"

Panga likamponyoka. Ndama akachomoka mbio, Musimbi nyuma yake.

Maurice alikuwa mlangoni, amembeba Tyson. Akautazama ule mkono uliolowa. Hakuuliza ndama alikuwa wapi.

"Umeikata," akasema polepole.

"Ilikuwa imeshika ndama, Baba Tyson."

Maurice akamvuta Tyson kifuani.

"Amekuulizia mtoto?"

Musimbi alikuwa hajamwambia lolote.

Asubuhi Musimbi alienda polisi. Wakachimba penye ule mmea siku nzima, wasipate mtu. Walipata mizizi, minene kama viazi, imejisokota ndani ya leso ya kubebea mtoto. Maurice akasema ni leso kuukuu, Wanja aliitupa mwenyewe. Wakaandika, wakaenda zao.

Siku hizi Musimbi anapepeta mahindi kwenye stoo moja huko Moi's Bridge. Mtoto hamtoki akilini. Juzi akampigia simu Mama Wacera, jirani wa Maurice kule Kapseret, kuulizia hali ya Tyson.

"Ule mmea umerudi," Mama Wacera akamwambia. "Umeshafika dirisha la chumba ya mtoto."

"Na Tyson?"

Mama Wacera akashusha sauti.

"Amenona, mama. Mashavu imejaa. Lakini Maurice anasema ni mwezi sasa... hajaonja chakula."