Sura ya Teddy Thaxter

Marisol Etcheverry alilala chali kando ya jiko la chuma, macho wazi, unga wa jasi umemtanda usoni kama aliyepakwa poda. Damu iliyomtoka kisogoni ilikuwa imeshaganda kwenye mbao za sakafu. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwake.

Inspekta Lorraine Pelkey alichuchumaa kando yake. Hakugusa kitu.

"Kaangukia pembe ya jiko," alisema Sajini Wendell Ouellette. "Pengine aliteleza tu, Afande. Sakafu yenyewe unga mtupu."

"Pengine."

"Hiyo pengine yako naijua. Basi leo nyumbani sili."

Karakana ile ilikuwa ya mchongaji Orrin Thaxter, aliyefariki zamani. Siku hizi nyumba yake, juu ya kilima kule New Hampshire, ilipokea wasanii vijana. Walikuja kwa miezi michache, wakalala katika vyumba vya familia na kufanya kazi kwenye meza zile zile za mzee. Lorraine aliletwa hapo na shule akiwa darasa la nne. Binti wa mchongaji, Bi Constance, aliwagawia biskuti za tangawizi, akawaacha watoto wote wachezee udongo mpaka kwenye viwiko. Lorraine hakuwa amesahau.

Philip Marchetti, meneja wa nyumba, alikuwa amesimama nje kwenye matope ya Aprili, koti halijafungwa vifungo.

"Ni wewe uliyemkuta?"

"Mimi. Nilimletea kahawa."

"Alikuwa anavunja nini?"

"Jasi ya zamani. Ghalani imejaa tele, mikono, miguu, vichwa. Vitu chakavu. Alitaka kuvitumia katika kazi yake, nikamruhusu."

"Bi Constance aliafiki?"

Philip alitazama viatu vyake. "Bi Constance ana miaka themanini na moja. Nyumba alishaikabidhi kwa taasisi. Yeye anakaa ghorofani, na sisi hatumsumbui kwa mambo madogo."

"Nani aliamua kuwa ni madogo?"

Philip alianza kufunga vifungo vya koti.

"Marehemu aligombana na mtu?"

"Na Dov. Jana walipigiana kelele mpaka nikatoka ofisini."

Dov Lindqvist, mchoraji wa vioo, ndiye aliyekuwa msanii mwalikwa wa pili. Walimkuta jikoni mbele ya bakuli la uji uliopoa.

"Nilimwambia nyundo yake nitaitupa mtoni," alisema kabla hajaulizwa. "Nilisema, sikatai. We ungekuwa unachora mstari mwembamba kama unywele, jirani anakugongea gwa, gwa, gwa toka alfajiri, ungemwimbia?"

"Ulimsukuma?"

"Mimi? Yule alikuwa ananipikia maharage ya pilipili mpaka nalia! Nani atanipikia sasa?" Alicheka. Kicheko kikamgeuka, akafunika uso kwa viganja. "Asubuhi kelele zilikoma ghafla, mimi niko bafuni. Nikasema, afadhali, kapumzika. Nilifurahi, Afande. Unanielewa? Nilifurahi."

Wendell alifunga daftari lake bila kuandika chochote.

Kesho yake matokeo yakafika. Daktari aliyeuchunguza mwili alipiga simu mwenyewe.

"Kuteleza hakukuwepo," alisema. "Kifuani pana mchubuko wa duara, upana wa kifuniko cha chupa. Alisukumwa na kitu butu, akaenda kinyumenyume hadi kwenye jiko. Na kwenye shati kuna chembe za raba nyeusi."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Angeitiwa watu mapema, pengine angepona. Siwezi kukuapia."

Ripoti ya maabara ndiyo iliyomshangaza Lorraine zaidi. Vigae vilivyookotwa sakafuni havikuwa vya zamani hata kidogo. Jasi ya Thaxter ilichanganywa na singa za farasi ili isipasuke. Hii haikuwa na singa hata moja, na ilikuwa haijamaliza wiki tangu ikandwe. Juu ya meza ya Marisol palikuwa na kalibu ya kumiminia, na ndani yake umbo la uso wa mtoto mdogo.

Wendell alivipanga vigae mezani kama anayecheza na wajukuu. Vikatokea vinyago kadhaa vya uso ule ule. Vyote vilitimia, isipokuwa kimoja.

"Hiki kina masikio na kidevu tu, Afande. Macho hakuna, pua hakuna. Mtu kaokota uso wake, akaacha vingine."

"Mtu anaua, halafu anainama kuokota takataka?"

"Labda kwake si takataka."

"Ndiyo," Lorraine alisema taratibu. "Labda yeye aliujua huo uso. Na hakujua kuwa ni nakala."

Walirudi kilimani, wakapekua chumba cha Marisol. Kabatini, chini ya masweta, palikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa skafu ya sufu. Lorraine alikifungua. Ulikuwa uso wa mvulana aliyefumba macho, umegeuka rangi kama meno ya mzee, na kando ya sikio umechomoza unywele mmoja wa farasi. Haukuwa na mkwaruzo.

Dov alikuwa mlangoni.

"Hiyo ndiyo ya kweli," alisema. "Aliniambia hawezi kuipiga nyundo, angejiona anampiga mtoto. Akatoa nakala, ndizo alizokuwa anavunja. Hii alitaka amrudishie Bi Constance mkononi. Philip akamwambia asimsumbue bibi wa watu, angoje mpaka siku ya maonyesho."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Jana nilikuwa nafikiria maharage." Machozi yalimlengalenga. "Sikujua kama ina maana."

Lorraine alipanda ghorofani akiwa na kifurushi kwapani. Wendell alimfuata.

Bi Constance alikuwa ameketi dirishani. Mbele yake palikuwa na sinia, na kwenye sinia vigae vyeupe vilivyounganishwa nusunusu, jicho moja, kipande cha pua. Kando yake chupa ya gundi. Fimbo yake ya kutembelea iliegemea kiti, chini ina kizibo cha raba nyeusi.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Usibamize mlango. Gundi bado mbichi."

Lorraine alimsomea haki zake. Anaweza kukaa kimya. Anaweza kumwita wakili.

"Nimekaa kimya tangu jana. Imetosha."

"Huyu ni nani, Bi Constance?"

"Teddy. Mdogo wangu. Polio ilimchukua akiwa na miaka sita. Baba alimtoa sura kwa jasi pale pale kitandani, kabla hawajaja kumbeba. Picha zake zote mama alizichoma, hakuweza kuziangalia. Ikabaki hii. Kila Jumapili nilishuka ghalani kumtazama. Majira ya baridi haya goti lilinikatalia. Nikasema nitamwona theluji ikiisha."

"Na jana?"

"Nikasikia nyundo. Nikashuka ngazi zote zile, sijui kwa nguvu gani. Nikaukuta uso wake sakafuni. Yule binti kainua nyundo tena."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Bibi, subiri, nikueleze.' Sikusubiri. Nilimsukuma na fimbo. Nilitaka tu atoke pale, amwache."

"Halafu?"

Bi Constance aliweka chini kigae alichokishika. "Alikuwa anahema. Nilimsikia. Nami nikainama nikamwokota Teddy kwanza. Nikamfunga kwenye aproni, nikapanda naye juu. Mtoto wa watu nikamwacha pale anatokwa damu."

Wendell alimvuta Lorraine mkono. "Usimwonyeshe," alinong'ona. "Kakiri yote. Itamuua."

"Mahakamani ataonyeshwa na watu asiowajua."

Alikiweka kifurushi mezani, akafungua skafu. Bi Constance aliinama. Kidole chake kiligusa kipaji, kikateremka hadi kwenye ule unywele kando ya sikio, kikakaa hapo.

"Huyu ndiye," alisema.

"Ndiye. Marisol alikuwa kamtunza kabatini. Aliyoivunja ni nakala."

Chini kulisikika Philip akizungumza na simu, sauti yake ikipanda na kushuka. Bi Constance hakulia. Alilitazama sinia lake, kisha akamtazama mdogo wake, kisha sinia tena.

"Kwa hiyo alichotaka kunieleza ni hiki."

"Ndicho."

"Na wale vijana wote tuliowapokea humu... Mimi ndiye niliyesema waje. Niliwaambia wale wa taasisi, nyumba isiyo na vijana ni kaburi." Alilisukuma sinia kando. "Ana mama?"

"Anaye. Yuko njiani, anatoka New Mexico."

"Kuna mtu aliyewahi kumtoa yule binti sura?"

"Hapana, Bi Constance."

"Basi mama yake atamtazama wapi?"

 Lorraine alichukua koti la kizee msumarini, akamvalisha mkono mmoja mmoja. Wendell alikuwa ameshaitia fimbo kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga, kwa hiyo kwenye ngazi Bi Constance hakuwa na cha kushika. Alimwegemea Inspekta begani, wakashuka pamoja, ngazi baada ya ngazi, na kila goti lilipomuuma, walisimama wakangoja.