Mipaka ya Nahodha Musafiri

Wakati wa Wabelgiji, huko Nyangwe, kila mtu alimjua Musafiri. Alikuwa nahodha wa mtumbwi mkubwa wenye motere, yaani injini. Asubuhi aliwavusha watu mto Lualaba, na jioni aliwarudisha. Alibeba mchele, mawese, mbuzi, na akina mama wenye watoto migongoni.

Motere ile ilikuwa mpya. Tangu ujana wake Musafiri alivuka kwa kafi, kama baba yake na babu yake. Mke wake, Emilienne, alilima mpunga na kuuza mchele ng'ambo. Walijinyima muda mrefu mpaka wakapata motere. Siku motere ilipowaka mara ya kwanza, Emilienne alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Sasa mto umekuwa mdogo," Musafiri alisema.

Maneno hayo yaliwafurahisha watu. Yalimfurahisha yeye pia. Akaanza kuvuka hata saa ambazo wenzake wenye makafi walikaa nchi kavu.

Siku moja ya soko, wakati wa mvua kubwa, mtumbwi ulijaa watu na magunia. Upande wa juu wa mto kulikuwa na wingu jeusi. Upepo ulianza kusukuma maji. Musafiri aliliona wingu lile. Tena alikuwa na homa, na kichwa kilimuuma.

"Twende, nahodha!" abiria walimwambia. "Soko litaisha bila sisi!"

"Hatujapita hesabu ya watu ya serikali," mwingine alisema. "Unaogopa nini? Si uko na motere?"

Emilienne alikuwa mle ndani pamoja na mchele wake. Alimtazama mume wake. Alitaka kusema neno, lakini aliona haya kumkataza mbele ya watu. Musafiri akavuta kamba ya motere.

Walipofika katikati, upepo uliwapiga. Maji yakaingia mtumbwini. Motere ikakohoa, ikazimika. Mtumbwi ukageuka ubavu, na watu wakasimama kwa hofu.

"Kaeni chini! Tupeni magunia!" Musafiri alipiga kelele.

Mwanamke mmoja mwenye mimba, jina lake Hawa, aliteleza akaanguka majini. Emilienne alimdaka mkono. Alimshika kwa nguvu zake zote, na Hawa naye akamshika, mpaka wavuvi wakafika na mitumbwi yao, wakawavuta wote hadi ng'ambo.

Hakuna aliyekufa. Ng'ambo watu walimshukuru Mungu, wakaanza kukamua nguo zao. Musafiri alikaa kwenye mchanga, akiangalia alama za kucha za Hawa kwenye mkono wa mke wake.

Baada ya siku chache, Célestin alikuja kutoka Kasongo kuwapa pole. Célestin alikuwa kaka yake Emilienne. Alifanya kazi kwenye uwanja wa ndege. Alitunza ndege ndogo ya Mbelgiji mmoja mwenye shamba la pamba, aliyeitwa Hippolyte. Hippolyte aliirusha ndege hiyo mwenyewe, kwa safari zake.

Musafiri alimsimulia shemeji yake mambo yote, hata ile homa. Célestin alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," aliuliza, "nani aliamua muvuke siku ile?"

"Nahodha ni mimi," Musafiri alijibu. Kisha akafikiri. "Lakini kweli kabisa, waliamua watu. Makelele yao yalinishinda."

"Hata Hippolyte wanamupigia makelele. Rafiki zake wanataka kufika Kabambare leo leo. Lakini yeye iko na mipaka yake. Kama kile kilima mbele ya uwanja hakionekani chote, haruki. Kama upepo ni mukali, haruki. Kama hakulala vizuri, haruki. Mwezi uliopita alichoka huko Kabambare, akalala kulekule. Sisi huku tulimungoja bure."

"Hiyo ni sheria ya serikali?"

"Hapana. Sheria ni ya marubani wote, hodari na wasio hodari. Kuna siku sheria inamuruhusu kuruka, na yeye anakataa. Anasema, 'Mimi kazi yangu ni pamba. Siruki kila siku.' Anajijua. Kwa hiyo mipaka yake ni mikali kuliko sheria."

"Basi ni mwoga," Musafiri alisema.

Emilienne alikuwa anaweka wali na mboga ya sombe mbele yao. Alisimama.

"Baba, mimi nilimushika Hawa mkono," alimwambia mume wake. "Nilisikia mto unamuvuta. Kama kukataa ni woga, mimi naomba woga huo ukae katika nyumba hii."

Musafiri aliutazama mkono wa mke wake. Hata chakula hakukigusa.

"Lakini mtumbwi si ndege," alisema mwishowe.

"Kweli," Célestin alijibu. "Mimi siwezi kukupa mipaka ya Hippolyte. Mto unaujua wewe. Sema mwenyewe: ni lini unakushinda?"

Hapo Musafiri alianza kusema. Kwanza alisema polepole. Kisha maneno yalikuja mengi, maana aliujua mto ule tangu utoto.

"Kama siioni ile nyumba nyeupe ya ng'ambo, nisivuke. Kama maji yanatoa povu jeupe, nisivuke. Usiku, hapana. Siku ya homa, hapana, hata kama jua linawaka."

"Na mizigo?" Emilienne aliuliza. "Serikali inahesabu vichwa. Magunia haihesabu."

"Nitapiga mstari wa chokaa ubavuni mwa mtumbwi. Maji yakifika kwenye mstari, mzigo ushuke."

"Vizuri," Célestin alisema. "Kwa sasa mipaka ibane. Hippolyte pia alianza hivyo, akalegeza kidogo kidogo kadiri alivyozoea. Wewe kafi umelizoea. Motere bado."

"Ila kule mtoni usilegeze kitu," Emilienne aliongeza. "Watu wakikupigia makelele, usibadilishe. Ukitaka kubadilisha, tutazungumza hapa, siku ya utulivu."

Kesho yake Musafiri alipiga mstari wa chokaa. Kabla watu hawajapanda, aliwaeleza mipaka yake yote. Wengine walicheka.

Haukupita muda mrefu, Bulaimu alifika mtoni. Bulaimu alikuwa mfanyabiashara mkubwa, na watu walimheshimu. Siku hiyo upepo ulivuma, na maji yalitoa povu jeupe.

"Washa motere," Bulaimu alisema. "Wateja wananingoja."

"Samahani, bwana. Povu limeanza. Tungoje kidogo."

"Wewe ni nahodha gani? Motere yako ni pambo?"

Uso wa Musafiri ulikuwa wa moto. Mkono wake ulikwenda kwenye kamba. Kisha akaurudisha.

"Mpaka wangu umefika, bwana. Sivuki."

Bulaimu alimtukana mbele ya watu, akapanda mtumbwi wa nahodha mwingine. Akavuka salama. Mvua haikunyesha, na baada ya muda upepo ukaisha. Siku nzima watu walimcheka Musafiri.

Jioni alimwambia mke wake, "Leo nimekuwa mjinga. Hakuna kibaya kilichotokea."

"Ulipokataa, ulijua hakitatokea?" Emilienne aliuliza.

"Sikujua."

"Basi ulikataa vizuri."

Musafiri aliendelea hivyo. Mwanzoni abiria walipungua. Baadaye akina mama wenye watoto walianza kumtafuta yeye. Hawa alijifungua mtoto wa kike, akavuka naye kwa mtumbwi uleule. Watu walizoea kuuangalia mstari wa chokaa. Maji yakiukaribia, mtu alishusha gunia lake mwenyewe bila kuambiwa. Manahodha wengine walikuja nyumbani kwa Musafiri kuomba chokaa, na yeye aliwapa. Lakini alimwambia kila mmoja wao, "Mustari wangu ni wa mutumbwi wangu. Wewe tafuta wako."

Asubuhi moja Bulaimu alirudi. Safari hii alimleta mama yake, mzee asiyeona vizuri, aende kukaa kwa binti yake ng'ambo. Upepo ulikuwa unavuma tena.

"Bwana Bulaimu," Musafiri alisema, "mimi bado nangoja. Ule mutumbwi pale unaondoka sasa."

"Nimeuona," Bulaimu alijibu. Alitandika mkeka, akamkalisha mama yake. "Wanaoweza kumuvusha mama yangu ni wengi, ndugu yangu. Mimi nilitafuta mwenye kuweza kukataa."

Wakangoja pamoja. Maji yalipotulia, Musafiri alimbeba mama yule mikononi, akamweka katikati ya mtumbwi. Motere ikawaka. Wakaondoka.

Emilienne alisimama ukingoni na wanawake wengine.

"Nahodha yule ni mume wangu," aliwaambia. Wote walikuwa wanajua. Lakini alitaka kulisema neno hilo.