Machozi ya Miayo

"Huyu namjua nje ndani," alisema Mwalimu, akamwekea Fundi mkono begani. "Sinema anayoipenda kuliko zote ni ile ya nesi na mwanajeshi. Tumeiangalia mpaka maneno tumeyakariri."

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Mashine mpya ya kukatia lenzi ilikuwa imewasili, kwa hiyo bosi alifunga duka mapema na kuwaalika wafanyakazi na watu wao wanywe soda. Mchezo aliuanzisha yeye: kila mtu ataje sinema ambayo mwenzake anaipenda kuliko zote na ile ambayo mwenzake haitaki hata kuisikia. Hakuna kujijibia. Ukikosea, unaosha glasi.

Upande wa pili wa meza, Dokta alicheka. Hakuwa daktari hasa, alikuwa mpima macho wa duka, ila wateja walimwita hivyo na wenzake wakazoea.

"Wifi, utaosha glasi," alisema. "Hiyo ndiyo anayoichukia kuliko zote. Anasema watu wanaagana nusu saa nzima na hakuna anayeondoka."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, kisha akamgeukia mchumba wake akisubiri akanushe. Fundi alikuwa ameikodolea macho mashine mpya kama vile inataka kumwambia kitu.

"Na anayoipenda?" bosi akauliza.

"Ya mzee anayetengeneza saa ya mnara kwenye mji uliohamwa na watu," Dokta akajibu bila hata kufikiri. "Mtu anakaa anaangalia misumari na vumbi, anafurahi."

Mwalimu hakuwahi kuisikia sinema hiyo. Aliosha glasi zote, akazifuta, akazipanga, akaaga kila mtu kwa adabu. Walipofika barabarani ndipo alipofungua mdomo.

"Ni kweli?"

"Utani wa kazini tu, Mwalimu wangu."

"Sikuulizi kama ni utani. Nakuuliza kama ni kweli."

Fundi alipunguza mwendo. "Ni kweli," akasema.

Sinema hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Alikuwa amepeleka dukani miwani iliyovunjika mkono, akawa anaiangalia sinema hiyo kwenye simu huku akisubiri. Fundi akatoka na aproni yake yenye vumbi la lenzi, akamuuliza anaangalia nini kinachomfurahisha hivyo. Akamwambia, hii ndiyo sinema ya maisha yangu. Fundi akasema, hata yangu. Siku hiyo Mwalimu alirudi nyumbani akamwambia dada yake kwamba amekutana na mwanamume asiyeona aibu kupenda.

"Na yale machozi?" aliuliza.

"Machozi gani?"

"Ya mwisho, nesi anapopunga mkono. Kila mara macho yako yanajaa. Mimi nakupa kitambaa, wewe unajifuta."

Fundi alijikuna shingo.

"Nilikuwa nabana miayo," alisema. "Ukiibana sana, machozi yanatoka."

Siku nyingine Mwalimu angecheka mpaka akae chini. Leo kicheko hakikuja. Kilichomchoma hakikuwa miayo. Kilichomchoma ni kwamba kuna mwanamke mwingine aliyekuwa anaijua miayo hiyo.

"Mnaongea nini kingine, wewe na Dokta?"

Fundi alisema hakuna kitu, ni kazi tu, maagizo ya wateja. Na kwa sababu aliamini hana la kuficha, akampa simu. "Soma mwenyewe."

Mwalimu alisoma akiwa amesimama kando ya duka la viatu. Kweli, nyingi zilikuwa za kazi: lenzi ya mteja fulani imechelewa, fremu nyeusi zimeisha. Kisha akazikuta za Jumapili iliyopita.

Dokta: *Bado wanaagana?*

Fundi: *Bado. Mwanajeshi amerudi kuchukua kofia.*

Dokta: *Pole. Nakuombea.*

Fundi: *Sasa analia yeye, nesi, na huyu wangu hapa. Nimebaki peke yangu.*

Chini yake vikafuata vile vikatuni vya kucheka, vya Dokta na vya Fundi.

Mwalimu aliikumbuka Jumapili hiyo. Alimwona akiandika, akamuuliza kuna nini, akajibiwa ni mambo ya lenzi.

"Nilikuwa nimekuegemea," alisema polepole. "Nimelaza kichwa begani kwako, nalia. Na wewe unanicheka na mwanamke mwingine."

"Mwalimu, si hivyo."

"Ndivyo ilivyoandikwa." Akamrudishia simu. "Waambie kwenu harusi isimame."

Harusi ilikuwa imebaki wiki chache tu. Dada yake Mwalimu, ambaye alikuwa akiishi naye, alipoambiwa kilichotokea alikuwa anakunja nguo, na wala hakuacha. Alisema wenzake wanafumania chumbani, yeye amefumania sinema, na kwamba shemeji aliyevumilia nusu saa ya kuagana kila Jumapili alistahili kupewa cheti. Mwalimu hakubishana naye. Alimsomea tu zile meseji, neno kwa neno, kwa kuwa tayari alikuwa amezishika kichwani. Shati likabaki mikononi mwa dada.

"Hapo sasa," dada akasema, akakaa.

Wivu ulimla siku zilizofuata. Akisahihisha madaftari ya wanafunzi, aliwaona akilini wale wawili dukani, mmoja anapima macho, mwingine anakata lenzi, wanapokezana vicheko juu ya kaunta. Alijiuliza Dokta anajua nini kingine. Labda anajua kama Fundi anaipenda lile shati la kijani alilomnunulia. Labda ni yeye tu, Mwalimu, aliyekuwa hajui anaolewa na nani.

Aliitafuta sinema ya mzee wa saa, akaiangalia peke yake, akiwa amejiandaa kuidharau. Ilikuwa nzuri. Hilo lilimuudhi kuliko yote.

Fundi alipiga simu, Mwalimu hakupokea. Akaandika: *Nimekosa. Naomba tuonane tuzungumze.*

Mwalimu akajibu: *Zungumza na Dokta.*

Lakini kuandika hivyo hakukumpoza. Jumatano, vipindi vilipokwisha, alikwenda mwenyewe dukani. Fundi alikuwa ametoka kuchukua mzigo. Mwalimu alipita kaunta moja kwa moja hadi chumba cha kupimia macho, chumba chembamba chenye giza, ubao wa herufi unawaka kwenye ukuta wa mbele.

"Karibu, wifi," Dokta alisema, bila mshangao. "Kaa."

"Mimi si wifi yako."

Hata hivyo alikaa, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja tu, kile cha wateja. Alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani. Likabaki moja.

"Unampenda?"

Dokta alichukua kitambaa, akaanza kusafisha lenzi iliyokuwa safi.

"Nilimpenda," alisema. "Na Jumamosi nilisema kusudi. Nilijua hujui. Nilitaka uone kwamba kuna sehemu yake iliyoko kwangu."

"Nimeiona."

"Basi nikuoneshe na iliyobaki, maana nimechoka kuibeba." Aliiweka lenzi chini. "Watu wanaokaa kwenye kiti hicho wananidanganya kila siku. Herufi hawazioni, wanakisia, kwa kuogopa nitawaambia wavae miwani. Anayedanganya ni yule mwenye kitu anachoogopa. Sasa Fundi, mimi hajawahi kunidanganya hata siku moja. Nikisuka vibaya ananiambia nimesuka vibaya. Nikileta chakula ananiambia chumvi imezidi, halafu anaomba kingine. Mwanzoni nilijisifu. Nikasema, huyu yuko huru na mimi, huyu ni wangu."

"Halafu?"

"Halafu nikamsikia akiongea na wewe kwenye simu. Mtu mzima, sauti inatetemeka. Anakubali kila kitu. Ukimwambia jua linatoka usiku, anasema ndiyo, tena leo limechelewa. Nikaelewa. Mimi hata nikinuna nikaacha kazi, atamaliza lenzi zake, atafunga duka, atakwenda kulala."

Nje, mteja aliuliza bei ya fremu, bosi akamjibu.

"Wewe unanionea wivu kwa kuwa nimeambiwa ukweli," Dokta akasema. "Mimi nimekuonea wivu mwaka mzima kwa kuwa wewe umedanganywa."

Mwalimu alimtazama. Alikuja akitaka kumchukia, na kwa dakika chache zilizopita kazi hiyo ilikuwa imeanza kuwa ngumu.

"Mimi sitaki kuogopwa," alisema.

"Mwambie yeye. Mimi meseji nimeacha. Usinishukuru, nimeacha kwa ajili yangu."

Alipotoka, Fundi alikuwa amerudi, amesimama karibu na mashine mpya na boksi mikononi, hajui aliweke wapi. Mwalimu alipita karibu yake.

"Njoo kwa dada leo jioni," alisema. "Usije na zawadi, wala usije na utani."

Alikuja kabla jua halijazama. Dada alimkaribisha, akasema ana vyombo vya kuosha, akaenda jikoni na kuuacha mlango wazi kidogo. Fundi alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Kosa langu si sinema," alianza. "Nilikucheka na mtu mwingine huku umeniegemea. Hilo nimelifanya, na lilikuwa baya. Nisamehe. Mengine yote ni woga."

"Unaogopa nini? Nakupiga?"

"Siku ile dukani ulikuwa unaicheka simu yako, macho yanawaka. Nilitaka uniangalie mimi hivyo. Nikaona nikisema siipendi, utarudi kwenye simu. Nikasema hata yangu. Baada ya hapo kila siku ikawa ngumu zaidi kurudi nyuma."

"Na Dokta?"

"Dokta nilimwambia kwa kuwa ilibidi nimwambie mtu. Ukibana kitu muda mrefu..." Akajikamata. "Samahani. Umesema nisije na utani."

Mwalimu aliuma mdomo ili asitabasamu. Akamwambia sasa atauliza, na yeye atajibu, na hataki jibu la kumfurahisha. Akauliza kuhusu shati la kijani. Linambana kwapani, tangu siku ya kwanza. Akauliza kuhusu mjomba wake yeye Mwalimu na hadithi zake za safari. Amezisikia zote na zinabadilika kila mara. Akauliza kuhusu rangi aliyochagua kwa ukuta wa sebule yao. Fundi aliomba radhi kwanza, halafu akasema inamkumbusha hospitali. Jikoni mtu alipaliwa na kicheko akakigeuza kikohozi.

Kisha Mwalimu akauliza lile ambalo hakuwa amelipanga.

"Na watoto wanne?"

Maji ya bomba jikoni yakasimama.

Fundi alizishika kingo za kochi. "Wawili," alisema. "Na hata hao wawili wananitia hofu."

"Ulisema hata watano."

"Ungesema kumi na mmoja na wa akiba, ningekubali."

"Fundi, nilishawapa majina. Wote wanne."

"Najua. Nimeyasikia majina yao, mazuri." Sauti yake ilikuwa inatetemeka vibaya. "Ukiniacha kwa sababu hii, sijui nitafanya nini. Sijui hata nitafikaje nyumbani. Lakini siwezi wanne, Mwalimu. Nikisema naweza, nitakuwa nakudanganya."

Mwalimu alimwangalia mtu huyu, kijasho juu ya mdomo, na neno lake limesimama palepale alipoliweka. Liliuma. Lilimuuma kuliko sinema, kuliko meseji. Lakini alijua, bila mtu kumwambia, kwamba hakuna mwanamke mwingine duniani aliyewahi kuambiwa ukweli na Fundi kwa sauti hiyo.

"Watatu," alisema.

Fundi aliinua kichwa. "Eti?"

"Umesikia. Watatu."

"Wawili, Mwalimu."

"Mimi ndiye nitakayebeba mimba na mimi ndiye ninayetaka watatu, sasa nieleze kwa nini wawili, na unieleze vizuri, maana nafundisha hesabu."

Fundi alivuta pumzi, akasogea ndani ya kochi akakaa sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaanza kumbishia. Alibisha vibaya, akijikwaa, akichanganya kazi na nyumba na usingizi. Mwalimu alimkata kila alipokosea, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kochi, akamsogelea ili amsikie vizuri zaidi.

Jikoni dada alichukua simu, akampigia mama yao, ambaye tangu Jumamosi alikuwa anauliza kama awaambie ndugu waahirishe safari.

"Mama, waambie waje," alisema kwa sauti ya chini.

Mama akauliza kama wamepatana.

"Wanagombana."

Mama akauliza wanagombania nini tena.

"Watoto."

"Watoto gani?"

"Tulia usikilize mwenyewe," dada akasema, akausukuma mlango kidogo, akainyoosha simu kuelekea sebuleni.