Mawese Ndani ya Radiateri

"Apana, fundi, usinidanganye. Huyu binti yako ameniharibia moteri ya teksi yangu."

Léonce alipandisha sauti mpaka fundi Tajudini akaenda kurudishia mlango wa gereji, watu wa mtaa wa Musaga wasije wakasikia. Bure tu. Tangu asubuhi Léonce, dereva wa teksi, alikuwa akiwaambia wenzake kule parkingi kwamba kumpa msichana moteri ni sawa na kuitupa.

Msichana mwenyewe, Fadhila, alisimama kando ya gari, ufunguo wa kufungulia nati mkononi. Mwezi uliopita ndiye aliyebadilisha joint ya kilasi, ile inayozuia maji na mafuta yasichanganyike ndani ya moteri. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Sasa gari linachemka kila likipanda mlima, na maji ya radiateri yana mafuta juu.

Loïc, mtoto wa Léonce, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa juu ya tairi na mkoba wake wa shule.

Moteri ilikuwa imepoa, kwa hiyo Tajudini alifungua radiateri bila wasiwasi. Akavuta kile kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama kwenye mwanga. Mafuta safi. Joint ikipasuka, alieleza, mara nyingi maji nayo huingia kwenye mafuta, yakageuka kama chai ya maziwa. Akamwambia Fadhila awashe gari, akainama juu ya radiateri kutafuta mapovu. Hakuna hata moja.

"Joint sioni kosa lake," akasema. "Lakini haya mafuta sijui yametoka wapi. Labda tufungue moteri yote."

Léonce akacheka kwa hasira. Akasema hizo ni hila za baba kumficha mwanawe. Ama Fadhila atoke gereji leo leo, ama hakuna teksi itakayoingia hapa tena.

Fadhila akaweka ufunguo chini, akaanza kufungua vifungo vya ovaroli.

"Baba, wacha niende. Wateja wakikimbia, wadogo zangu watakula nini?"

Kifungo cha kwanza, cha pili. Loïc alivihesabu. Kufika cha tatu, akashindwa kuvumilia.

"Papa, ni mi," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Uliponituma kutia maji kwenye radiateri, bidoni safi zote mama alikuwa amezijaza maji ya kunywa. Nikachukua ile ya mafuta ya mawese. Kuiosha kunataka maji ya moto na sabuni, na wenzangu walikuwa wananingoja na mpira. Niliona mabonge mekundu yanazunguka ndani ya maji. Nikamimina tu."

Tajudini akachovya kidole kwenye radiateri, akakisugua, akanusa. Akamnyooshea Léonce kidole hicho, naye akanusa.

"Mawese," Léonce akasema polepole.

Tajudini akaeleza kwamba yakipoa yanaganda, yananata kwenye mirija myembamba, maji yanashindwa kupita. Wataosha kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu au nne, mpaka yatoke meupe. Kisha akamgeukia Loïc.

"Mutoto, bidoni chafu ni kosa dogo, linaoshwa. Lakini we ulikaa hapo ukimtazama dada huyu anavua kazi yake kwa kosa lako. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Loïc aliinamisha kichwa. Machozi yakamdondokea magotini.

"Na mi ni mukubwa, nimekosa zaidi yake," Léonce akasema. Akamwomba Fadhila msamaha, bila kutafuta maneno mengi. "Nilisema kabla ya kujua. Loïc, shule utachelewa leo. Tunaenda parkingi. We utasema yako, na mi nitasema yangu, mbele ya wote."

Fadhila alikuwa amekwisha kuinama chini ya gari kuyamwaga yale maji. Léonce akatangulia. Loïc akafuta uso kwa mkono wa shati, akatoka, akaufunga mlango.