Hapana ya Golnar

Kila siku saa sita mchana Golnar alipanda ghorofa ya tatu ya chuo. Alikaa kwenye benchi karibu na dirisha, akafungua kopo lake la chakula. Mara nyingi ulikuwa wali wa dengu na zabibu kavu. Alikula peke yake huku akitazama theluji. Chini, kwenye ukumbi wa chakula, wanadarasa wenzake walikuwa wakicheka, na sauti zao zilimfikia.

Golnar na mumewe Behruz walitoka Shiraz, nchini Iran. Walifika Winnipeg, nchini Kanada, mwezi wa nane. Golnar alisomea ualimu wa watoto wadogo, na Behruz alipata kazi kwenye duka la mikate. Chumba walikipata. Makoti mazito waliyapata. Kitu kimoja tu hakikupatikana: mtu wa kuongea naye. Kwao Shiraz, Golnar hakuweza kwenda sokoni bila kusimamishwa na watu kumi. Hapa alikuwa amekaa miezi mitano bila rafiki hata mmoja. Upweke unauma, tusidanganyane.

Jumapili moja asubuhi, wakinywa chai, Golnar aliweka karatasi mezani.

"Nini hiki?" Behruz akauliza.

"Fomu ya kuacha chuo. Mwisho ni Ijumaa. Nataka kurudi nyumbani."

Behruz akaweka kikombe chini. "Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Hiyo ndiyo shida. Nikifa pale darasani, watauliza tu kama kiti changu kina mwenyewe."

"Usiseme hivyo, mke wangu. Si yule Kirsten alikualika?"

"Alinialika kwa mdomo tu. Moyoni hakutaka."

Kirsten alikaa dawati moja na Golnar. Mwezi wa tisa alimwambia, "Jumamosi tunakwenda kula piza. Utakuja?"

Golnar alitabasamu. "Hapana, asante. Msisumbuke."

"Sawa," Kirsten akasema, akaenda zake.

Golnar alibaki ameduwaa. Kwao, mtu mstaarabu hakubali mara ya kwanza. Mwenyeji husema njoo, na mgeni husema sitaki kukusumbua. Mwenyeji husema lazima uje, na mgeni husema labda siku nyingine. Mara ya tatu mwenyeji humshika mkono, na mgeni hukubali. Anayekubali haraka huonekana mlafi. Anayeuliza mara moja tu hakuwa na nia.

Kirsten alimwalika tena mwezi wa kumi, na tena Desemba. "Hapana, asante." "Sawa." Baada ya hapo hakumwalika tena.

Fomu ilihitaji saini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Jumatatu Golnar akaenda. Mhudumu aliitwa Marivic. Alizaliwa Ufilipino, na alikuwa ameishi Winnipeg miaka kumi na tano. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye maneno mengi.

"Karibu, mdogo wangu. Utakunywa chai?"

"Hapana, asante, dada. Usijisumbue."

"Haya." Marivic akajimiminia kikombe chake, akaanza kusoma fomu. Golnar alikuwa ametembea kwenye baridi kali. Macho yake yalikifuata kile kikombe kila kilipopanda na kushuka.

Marivic akamtazama. "Niambie ukweli. Unataka chai?"

Golnar akainamisha kichwa. "Ndiyo."

"Sasa mbona umekataa?"

"Ulitakiwa uniulize tena."

Marivic akacheka mpaka akapangusa machozi. "Pole, sikucheki wewe. Najicheka mwenyewe. Kwetu pia mgeni hakubali mara ya kwanza. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishinda njaa kwenye nyumba za watu, na chakula kipo mezani. Nilikuwa nawachukia. Nao walidhani sipendi mapishi yao."

Akammiminia chai, akaendelea.

"Sikiliza. Hapa heshima ni kuamini neno la mtu. Ukisema hapana, mtu akirudia kukuuliza anaona kama anakulazimisha. Kwa hiyo anakuacha. Hajakudharau. Ukitaka kwenda, sema ndiyo. Kama siku hiyo huwezi, mwambie, 'Leo siwezi, lakini Jumamosi ijayo nitafurahi.' Hapo anajua mlango uko wazi."

Kisha akamwonyesha ratiba ukutani. Jumanne, michezo ya mezani. Alhamisi, kupika pamoja. Jumamosi, kuteleza kwenye barafu mtoni. Viatu vya kutelezea viliazimwa chuoni bure, na mume au mke aliruhusiwa kuja.

"Hujaja hata siku moja," Marivic akasema.

"Sijaalikwa."

"Tangazo ndilo mwaliko, mdogo wangu. Limekaa hapo tangu mwezi wa tisa mpaka limepauka. Hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Na kama moyo unakuwa mzito kila siku, kuna mshauri ghorofa ya pili. Unayomwambia yanabaki kwake." Akamrudishia fomu. "Saini ni haki yako. Ukiihitaji Ijumaa, nitakupa. Ila kwanza kaongee na Kirsten."

Jioni Golnar alimweleza mumewe yote.

"Mwacha mila ni mtumwa," Behruz akasema.

"Mila hiyo hiyo inanifanya nile chakula na dirisha," Golnar akajibu.

Alhamisi, kipindi kilipoisha, Golnar alibaki kwenye dawati. Kujialika mwenyewe ni jambo ambalo lingewafanya shangazi zake wamseme miaka saba.

"Kirsten, Jumamosi mnakwenda mtoni?"

"Ndiyo."

"Nataka kuja. Naweza?"

Kirsten akamkodolea macho. "Wewe? Nilidhani hutupendi. Nimekuita mara tatu ukakataa. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama nina kasoro gani."

Golnar aliona aibu. Kumbe miezi yote hiyo wameumia wawili. Akamweleza jinsi watu wa kwao wanavyokataa kwanza ndipo wakubali. Kirsten alisikiliza mpaka mwisho.

"Mara tatu?" akauliza. "Mnapata wapi muda wa kula?"

Wakacheka pamoja kwa mara ya kwanza.

Ijumaa Golnar hakwenda ofisini. Jumamosi alianguka mtoni mara tisa, na Behruz akaanguka mara nyingi zaidi. Kirsten aliwashika mikono, mmoja huku, mwingine kule. Mama yake alikuwa amekuja na chupa ya kakao ya moto, akamkaribisha Behruz kikombe.

"Hapana, asan..." Behruz akaanza. Golnar akamkanyaga mguu.

"Ndiyo, mama," Behruz akasema. "Nakushukuru."

Baada ya hapo Golnar hakukosa Alhamisi ya kupika hata moja. Mchana alikula ukumbini, na alama zake zikapanda, kwa sababu sasa alikuwa na watu wa kusoma nao. Bado alizikumbuka barabara za Shiraz, na siku nyingine alilia. Lakini hakuzungumzia tena kuacha chuo.

Mwezi wa tatu ukafika, na pamoja nao mwaka mpya wa Wairani. Golnar alipanga kupika samaki na wali wa majani mabichi. Akamwambia Kirsten, "Ijumaa ni sikukuu yetu. Njoo nyumbani ule nasi."

"Hapana, asante," Kirsten akasema. "Sitaki kuwasumbua."

Golnar alitaka kusema "sawa," kama alivyofundishwa. Kisha akamtazama vizuri rafiki yake.

"Ngoja kwanza. Hiyo hapana ni ya kwenu au ya kwetu?"

Kirsten akafikiri kidogo. Mashavu yakawa mekundu.

"Ya kwenu," akasema.

"Basi saa kumi na mbili jioni. Na uje na njaa."